Sabuni ya Asali Inapobadilika Rangi: Maelezo kwa Vyama vya Msingi



Chama kimoja cha msingi, ambacho hapana haja ya kukitaja jina, kilituletea barua yenye manung'uniko. Kikundi cha akina mama wa chama hicho kilikuwa kimetengeneza kilo 40 za sabuni ya asali kwa ajili ya duka moja la mjini. Mwenye duka alikuwa amekwisha kuonyeshwa mche wa mfano, wenye rangi ya maziwa yaliyotiwa asali kidogo, naye akaukubali. Shehena aliyoletewa ilikuwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa, na katikati ya kila mche palikuwa na duara jeusi zaidi. Akaikataa yote. Kamati ilipokutana, lawama zilimwangukia mzee mmoja mrina asali, ambaye ndiye aliyeleta ndoo mbili za asali ya mizinga ya magogo. Ilisemwa kwamba ameichanganya na sukari, na malipo yake yakazuiwa. Katibu alitaka kujua kama rangi ile si ushahidi wa kutosha.

Tulimjibu kwamba si ushahidi hata kidogo. Walakini, kwa kuwa maswali ya namna hiyo yametufikia kutoka vyama vingine pia, na kwa kuwa ndoo mbili za lita 20 ni karibu kilo 56 za asali, yaani jasho la msimu mzima kwa mtu wa mizinga michache, tumeona yafaa jambo hili lielezwe kwa kirefu.

Asali iliyoiva vizuri huwa na maji kiasi cha asilimia 17 hadi 20. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni sukari, na hasa sukari za aina mbili, fruktosi na glukosi. Sukari hizo haziwezi kustahimili kostiki. Zikikutana nayo huvunjika, na vipande vyake hujiunga upya na kuwa vitu vyenye rangi: kwanza manjano, kisha chungwa, kisha hudhurungi, na mwisho rangi inayokaribia weusi. Jambo hili hutokea kwa asali yoyote, iwe nyeupe au nyeusi, ya mzinga wa kisasa au wa gogo. Asiyependa sabuni yake iwe na rangi yoyote asitie asali.

Hapo ndipo penye kosa la kamati ile. Sukari nyeupe ya dukani, inayotokana na miwa, ni sukari ya aina nyingine, nayo hustahimili kostiki kuliko fruktosi na glukosi. Watengenezaji wengi wa sabuni hutia sukari nyeupe kidogo ili kuongeza povu, na sabuni yao haibadiliki sana rangi. Kwa hiyo, lau kama mzee yule angaliongeza sukari ya dukani katika asali yake, sabuni ingalielekea kuwa nyeupe zaidi, si nyeusi zaidi. Sukari guru ni jambo lingine, maana yenyewe ina rangi tangu mwanzo na ndani yake mna kiasi cha zile sukari zinazogeuka hudhurungi. Lakini asali safi nayo hufanya vivyo hivyo. Mtu aliyeushika mche wa hudhurungi mkononi hawezi kujua kwa macho kilichoufanya uwe hivyo. Asali ikishukiwa hupimwa ikiwa asali, kabla ya kutiwa katika kitu chochote: kiasi cha maji yake kwa refraktomita, na sukari zake katika maabara. Ikishaingia katika kostiki hakuna tena cha kupima.

Basi kwa nini mche wa mfano ulitoka mweupe na shehena ikatoka nyeusi, ilhali asali ni ileile? Tulimwandikia katibu na kumwuliza mambo matatu: asali ilitiwa wakati gani, mchanganyiko ulikuwa na joto kiasi gani, na sabuni ilimiminwa katika kalibu ya ukubwa gani. Majibu yalitosha kumaliza shauri.

Mche wa mfano ulitokana na nusu kilo ya mafuta, iliyokorogwa katika bakuli na kumiminwa katika vikopo vidogo. Shehena ilitengenezwa kwa mafungu ya kilo 10, ikamiminwa katika sanduku la mbao lenye kina kirefu, kisha sanduku likafunikwa kwa mablanketi usiku kucha, kama walivyofundishwa kufanya kwa sabuni ya kawaida. Zaidi ya hayo, ili kuokoa muda, asali ilimiminwa moja kwa moja katika maji ya kostiki yaliyokuwa bado ya moto. Katibu aliandika kwamba maji yaligeuka mekundu kama chai ya rangi, yakafura, na yakatoa harufu ya kuungua. Rangi yote iliyomchukiza mwenye duka ilikwisha kupatikana hapo, kabla mafuta hayajaguswa.

Kostiki inapotiwa katika maji, joto hupanda lenyewe haraka sana hadi kukaribia maji yanayochemka. Asali ikitiwa wakati huo huungua papo hapo. Yapasa maji ya kostiki yaachwe yapoe kwanza, mafuta nayo yawe vuguvugu, vyote viwili viwe kati ya nyuzi 35 na 40 za Selsiasi. Wasio na kipimajoto hugusa chombo kwa nje, nacho kisiwe cha kuunguza mkono. Lakini kipimajoto kimoja kwa kikundi kizima si gharama ya kuogopa ukilinganisha na kilo 40 zilizokataliwa. Korogeni mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji mwepesi, kiasi cha tone linalodondoka kutoka kwenye mwiko kuacha alama juu yake kwa muda mfupi. Sasa ndipo asali itiwe, ikiwa imekwisha kuyeyushwa katika maji vuguvugu yenye uzito sawa na wake, nayo ikorogwe isibaki mahali pamoja. Maji hayo yapunguzwe katika yale ya kostiki, yasiongezwe juu yake.

Kiasi nacho ni muhimu. Kijiko kimoja kikubwa cha asali, yaani gramu 20 hivi, kinatosha kwa kilo moja ya mafuta. Wako wanaotia vijiko vitatu au vinne wakidhani kwamba asali ikizidi ubora nao huzidi. Kwa maoni yetu hiyo ni kupoteza asali. Sehemu kubwa yake huvunjwa na kostiki. Kinachobaki ni povu zuri, rangi, na jina la kuandika juu ya karatasi. Chama kisimwambie mnunuzi kwamba sabuni hii inaponya ngozi kama asali iliyopakwa juu ya kidonda, kwa maana si kweli.

Kwa wale wanaoanza, haya hapa makadirio tunayoyatumia katika maonyesho yetu. Mafuta ya mawese yaliyosafishwa gramu 600, mafuta ya nazi gramu 300, mafuta ya alizeti gramu 100. Gramu moja ya mawese huhitaji takriban gramu 0.142 za kostiki, ya nazi 0.183, ya alizeti 0.135. Jumla ni gramu 153.6. Tukipunguza asilimia 5, ili mafuta kidogo yabaki katika sabuni na ngozi isichomwe, twapata gramu 146. Maji yote yawe gramu 330, na katika hayo gramu 20 zitengwe kwa kuyeyushia asali. Vyote vipimwe kwa mizani, hata maji. Kikombe na kijiko havifai kupimia kostiki. Kumbukeni pia kwamba kostiki ndiyo inayotiwa katika maji, kamwe si maji kumiminwa juu ya kostiki. Mtengenezaji avae glavu na miwani ya kukinga macho, na ikimrukia aoshe mahali hapo kwa maji mengi papo hapo, bila kutafuta siki.

Sasa turudi kwenye lile duara jeusi katikati ya mche. Sabuni haiachi kufanya kazi inapomiminwa katika kalibu. Kwa saa kadhaa mafuta na kostiki huendelea kuungana, na muungano huo hutoa joto. Asali huongeza joto hilo. Katikati ya sanduku kubwa joto halina pa kutokea, hivyo sabuni hulainika na kuwa kama rojo, huku kingo zikiwa zimekwisha kupoa. Sehemu iliyopitia hali ya rojo hutoka nyeusi na yenye kung'aa kidogo; ile ya kingoni hubaki nyepesi. Mche ukikatwa huonekana kama yai lililochemshwa. Sabuni ya namna hiyo haina kasoro katika kuosha, ila haipendezi kwa mnunuzi.

Dawa yake ni kuacha mablanketi. Sabuni ya asali isifunikwe kwa kitu kizito, na imiminwe katika kalibu zenye kina kifupi, sentimita 5 au 6, zilizowekwa mbalimbali juu ya chanja ili upepo upite chini. Katika mikoa kama Tabora, Katavi na Singida, ambako ndiko asali nyingi ya miombo hutoka, miezi ya Septemba na Oktoba ni ya joto kali. Wakati huo ni heri kufanya kazi hii alfajiri. Joto likizidi mno, sabuni hupasuka juu, hufura, na pengine hufurika nje ya kalibu. Ikianza kufura, isogezwe penye ubaridi na ikorogwe taratibu kwa mwiko, na watoto waondolewe karibu.

Madoadoa meusi yaliyotawanyika ni habari nyingine. Haya hutokana na asali isiyoyeyuka, iliyobaki kama vijidonge na kuungua peke yake, au na takataka za asali yenyewe: vipande vya masega, chavua, majana, na masizi ya moshi wa kurinia. Asali ya mizinga ya magogo hupatwa na hili zaidi, si kwa sababu ni mbaya bali kwa sababu ya namna ya kuirina. Ichujwe kwa kitambaa safi chenye matundu madogo, ikiwa imepashwa joto kidogo kwa kuweka chombo chake ndani ya maji ya vuguvugu. Nta ya masega makuukuu nayo huleta rangi ya kahawia; isizidi kiasi kidogo, na iyeyushwe pamoja na mafuta.

Pengine juu ya miche hutokea matone ya maji ya kahawia, kama machozi. Hapa tunawasihi mwe waangalifu. Matone hayo yaweza kuwa asali na gliserini zilizojitenga kwa sababu ya joto, na hayo hunyonywa tena na sabuni baada ya siku chache. Lakini yaweza pia kuwa kostiki ambayo haikuungana na mafuta, ambayo huunguza ngozi. Kwa macho hayatofautiani. Pateni kichupa cha fenolftaleini iliyoyeyushwa katika spiriti, mwombeni mwalimu wa sayansi wa sekondari iliyo karibu ikiwa dukani hakuna, mkatize mche na kudondoshea tone juu ya sehemu mpya iliyokatwa. Likigeuka waridi iliyokolea, sabuni hiyo ina kostiki na haiuzwi. Likibaki bila rangi, au likawa waridi hafifu sana, hakuna neno. Baadhi ya vikundi hupima kwa maji ya manjano ya kupikia. Kipimo hicho hakifai, kwa kuwa manjano hugeuka mekundu hata kwa sabuni iliyo njema.

Na tukiwa tumeyataja manjano, tuseme pia kwamba kikundi kimoja kiliyatia katika sabuni kwa nia ya kuipa rangi ya dhahabu, kikashtuka kuona uji wote umekuwa mwekundu kama damu ya mzee. Hakikufanya kosa lolote. Manjano katika kostiki huwa mekundu, na sabuni inavyokaa rangi hurudi kuwa ya chungwa. Mafuta ya karafuu nayo hugeuza sabuni kuwa ya kahawia, kwa sababu ya eugenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo. Tena huifanya ikaze ghafla ndani ya chungu kabla haijamiminwa. Manukato yenye vanila hufanya sabuni kuwa nyeusi polepole, wiki baada ya wiki. Mawese mekundu yasiyosafishwa, kama yale ya Kigoma, huipa rangi ya chungwa ambayo hufifia ikiachwa penye mwanga. Kabla ya kumshuku mrina asali, kamati iulize kwanza kama fungu hilo la sabuni lilitiwa chochote kati ya hivi, au kama mawese yalinunuliwa mahali papya.

Rangi ya kijivu ndiyo inayotutia hofu kuliko zote. Sufuria nyingi za nyumbani ni za aluminiamu, na kostiki huila aluminiamu. Maji huchemka kwa povu, hutoa gesi ya haidrojeni ambayo hushika moto kwa urahisi, na sufuria hutoboka. Kostiki iliyotumika kula chombo haikubaki kwa ajili ya mafuta, kwa hiyo vipimo vyote vimevurugika. Ndoo za bati nazo zimepakwa zinki, ambayo huliwa vilevile. Sabuni iliyotengenezwa katika vyombo hivyo isiuzwe. Tumieni chuma cha pua, vyombo vya enameli visivyobanduka, au ndoo imara za plastiki. Rangi ya kijani au buluu huonyesha kwamba shaba imegusa mchanganyiko, na rangi ya kutu huonyesha chuma.

Madoa ya chungwa yanayojitokeza baada ya wiki au miezi, yakiwa na harufu ya mafuta yaliyooza, hayahusiani na asali. Ni mafuta yaliyobaki katika sabuni yaliyochacha, na alizeti huchacha upesi kuliko nazi. Chembe za chuma au shaba katika maji huharakisha jambo hilo, na ghala lenye joto na unyevu hulizidisha. Unga mweupe juu ya miche, kwa upande mwingine, usimtishe mtu. Ni kostiki ya juu juu iliyokutana na hewa na kuwa jamaa wa karibu wa magadi ya Ziwa Natron. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji.

Makatibu wengine wamependekeza dawa ya kung'arisha nguo itiwe ili kuondoa weusi. Tafadhali msithubutu. Sabuni iliyokwisha kuwa hudhurungi hairudi kuwa nyeupe, na kuiyeyusha upya juu ya moto huizidishia rangi. Ikiwa imepimwa na kuonekana haina kostiki, iachwe ikauke wiki nne hadi sita, kisha iuzwe kwa wanachama kama sabuni ya kahawia.

Panapotokea shaka juu ya asali ya mwanachama, iko njia ambayo kila chama chaweza kuifuata bila maabara, nayo hailaumu mtu kabla ya wakati. Tengenezeni sabuni katika vyombo vitatu, gramu 200 za mafuta kila kimoja, kutoka katika madebe yaleyale ya mafuta na kostiki ileile. Cha kwanza kisitiwe asali. Cha pili kitiwe gramu 4 za asali inayoshukiwa. Cha tatu kitiwe gramu 4 za asali ya mwanachama mwingine ambayo haina shaka. Joto liwe lilelile, kalibu ziwe sawa, na mwenye asali awepo akiangalia. Siku ya tatu miche ikatwe mbele ya kamati. Kile kisicho na asali kikiwa na rangi ya ajabu, kosa limo katika mafuta, kostiki au chombo. Miche miwili ya asali ikifanana, hakuna la kumwuliza mtu. Ikitofautiana, bado si hukumu, kwa kuwa asali nyeusi ya asili hutoa sabuni nyeusi zaidi. Hapo ndipo sampuli ya asali, iliyofungwa katika chupa safi na kutiwa saini na pande zote mbili, ipelekwe kupimwa.

Chama kile kilifanya hivyo. Miche ya asali ya mzee na ya jirani yake haikuweza kutofautishwa, na yote miwili ilikuwa ya rangi ileile ya maziwa na asali iliyompendeza mwenye duka. Malipo ya ndoo mbili yalitolewa. Katibu ametuandikia kwamba mzee amezipokea fedha zake, lakini msimu huu asali yake ameipeleka kwingine.

Duka limekubali kupelekewa shehena mpya. Safari hii kikundi kimepeleka miche miwili ya mfano, mmoja mwepesi kuliko yote waliyowahi kupata na mmoja mweusi kuliko yote, na katika hati ya mapatano imeandikwa kwamba rangi yoyote iliyo kati ya hiyo miwili itapokewa. Vyama vingine vyaweza kuiga hati hiyo. Nakala iko ofisini kwetu. Watakaotuletea miche yenye matatizo wapeleke mche mzima pamoja na nusu iliyokatwa, asali ambayo haijatumika, na karatasi yenye tarehe, uzito wa kila kitu, joto wakati wa kuchanganya, aina ya chombo, na kina cha kalibu.